Mwaka na nusu na 50mm f/1.8 STM yangu hapa Goma

Bandugu, leo naongelea objektifu (lensi) yangu, Canon EF 50mm f/1.8 STM, juu kazi yangu ya foto za ndoa na dote (sherehe ya mahari) sasa inasimama juu yake. Apareyi (kamera) ni Canon 700D. Mbele nilikuwa napiga na ile objektifu ya 18-55mm ya kawaida, mchana pale kando ya ziwa iko muzuri kabisa, lakini unaingia sale (ukumbi) ya Katindo saa mbili ya usiku, taa ni za rangi tu, umeme unakatika unarudi, pale unateseka. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwangaza ni kubwa: ile kwenye 55 inafungua f/5.6, hii inafungua f/1.8, mwangaza unaoingia ni karibu mara 10! ISO (nguvu ya apareyi ya kuona gizani) nilikuwa napandisha mpaka 6400, sasa 800 inatosha, na ngozi ya mama wa bibi harusi inatoka na rangi yake, haigeuki majivu.

Ni nyepesi, gramu 160 hivi, na pale inashikana na apareyi ni chuma, ile ya zamani ya 1990 ilikuwa plastiki.

Sasa kitu naomba mtu akishike: bomba la mbele linatoka nje wakati inatafuta fokasi, na ringi ya fokasi haisukumi bomba, inaamuru tu mota, kwa hiyo apareyi ikiwa imezimwa utazungusha mpaka uchoke na hakuna kitakachotembea. Usilisukume na kidole hata siku moja. Mimi mbele ya kuzima naelekeza kitu cha mbali, nafinya kitufe nusu, bomba linarudi ndani, ndipo nazima. Na parasoleyi (kofia ya mbele ya kukinga jua) siitoi, juu inafungwa kwenye mwili wa nje, korale (kwaya) ikianza kucheza na viwiko vya watu vinapita, inapokea yeye.

Autofokasi natumia nukta ya kati tu, kati ya zile nukta 9 za apareyi ndiyo inaona vizuri gizani. Inahitaji mstari, mahali rangi mbili zinapokutana, ukielekeza vêli (shela) nyeupe tupu itaenda mbele na nyuma bila kushika, peleka kwenye jicho ao ukingo wa kola. Kwenye f/1.8 jicho moja linaweza kuwa kali na lingine limefifia, kwa hiyo watu wawili wakikaa pamoja nafunga tundu mpaka f/2.8. Pete nazipiga karibu, sentimita 35, inakubali.

Lakini kwenye 700D inaona eneo dogo, inakuwa kama 80mm. Dote ikifanyika ndani ya nyumba ya mbao Birere, unarudi nyuma mgongo unagusa ukuta na wajomba hawajaenea wote, kwa hiyo 18-55 inabaki ndani ya mfuko.

Na kubadilisha ndiyo kunahitaji adabu, vumbi letu ni la mawe ya volkano ya Nyiragongo, linakwaruza. Nazima, napa upepo mgongo, apareyi inaangalia chini, nukta nyekundu kwa nukta nyekundu, nazungusha mpaka ilie tak. Kioo napuliza kwanza na peya ya mpira (kipulizio cha mkono), kitambaa baadaye, kusugua na shati hapana kabisa.

Niliinunua mkono wa pili, dola 90, na kabla ya kulipa niliwasha, nikaelekeza karibu, mbali, karibu, mbali, mara ishirini hivi, nikisikiliza mota. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, mrudishie.