Shamba la Maboga na Mtoto wa Miaka Mitatu: Tumekwenda Mara Mbili, Huu Ndio Uchambuzi Wangu

Habari zenu watazamaji wangu, na karibuni tena. Leo sichambui sufuria wala kiti cha mtoto cha kwenye gari, bali nachambua matembezi ambayo wazazi wengi wa hapa Minnesota, Marekani, huyalipia kila Oktoba, majani yanapopukutika, yaani ziara ya shamba la maboga. Jina la shamba lenyewe sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili dhidi yake na sipendi yageuke ugomvi. Tulikwenda mara mbili, Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi na Jumanne moja baadaye, na tulikuwa watatu: mimi, mwanangu wa miaka mitatu, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, Tanzania.

Nianze na fedha. Jumamosi tulilipa dola 18 kwa kila mtu aliyetimiza miaka miwili, na Jumanne tukalipa dola 12, lakini siku zote mbili boga halikuwamo kwenye kiingilio, kwani hupimwa kwenye mizani wakati wa kutoka na kulipiwa peke yake. Mama alipoelewa utaratibu huo alisimama pale getini akaniuliza, "Kwa hiyo mtu analipa kuingia shambani, kisha analipia tena boga alilolichuma kwa mkono wake?" Nilipomjibu kuwa ndivyo, akasema mwenye shamba huyu ana akili kutuzidi sote.

Kivutio kinachotangazwa kuliko vyote ni shamba la mahindi lililokatwa njia za kuwapoteza watu. Mchezo huu kwa sura yake ya sasa si wa zamani sana, kwa kuwa ulianzia Annville, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1993, na leo umeenea karibu kila jimbo lenye mahindi. Kwa kijana wa miaka 12 bila shaka ni raha tupu. Kwa mtoto wa miaka mitatu, hata hivyo, mahindi yanayozidi mita mbili ni kuta mbili za mabua makavu, na kitu pekee anachokiona mbele yake ni miguu ya watu. Jumamosi tulizunguka humo dakika 40, na katika dakika ya 25 mwanangu akatangaza kwa sauti ya juu kwamba anataka kwenda chooni. Hapakuwa na njia ya mkato wala kibao cha kuonyesha pa kutokea, na vyoo vilikuwa upande wa pili wa maegesho ya magari. Sitaeleza yaliyofuata, ila nawaambieni mbebe suruali mbili za akiba. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza.

Kilichonirudisha mara ya pili ni kitu ambacho tangazo lao halikukitaja hata kidogo. Pembeni ya ghala kuna boma la mbao lenye ukubwa wa chumba cha kulala, lililojazwa punje za mahindi makavu hadi kufikia magoti ya mtu mzima, na ndani yake wametupiwa watoto vikombe, sepetu ndogo za plastiki na magari ya kuchezea. Mwanangu alivua viatu, akakaa katikati, akajaza bakuli, akalimwaga, akalijaza tena, kisha akaanza kukoroga kwa mpini wa sepetu. Bibi yake alipomwita, akamjibu bila kugeuka, "Bibi subiri, ugali bado haujaiva." Mama aliokota punje moja, akaiuma, akaitazama rangi yake ya manjano, akasema, "Haya si ndiyo yale mahindi ya yanga tuliyoyapangia foleni?" Naam, ni jamii hiyo hiyo ya mahindi ya manjano ya Marekani yaliyoletwa Tanzania enzi za uhaba wa chakula, na huku sehemu kubwa yake huishia kwa mifugo na viwandani. Jumanne tulikaa hapo karibu saa nzima, na kwa hesabu yangu saa hiyo peke yake ilitosha kulipa kiingilio. Mkae karibu na mtoto lakini, kwa sababu punje ni ndogo kiasi cha kuingia puani au kumkaba mdogo anayetia kila kitu mdomoni. Na mkifika nyumbani mkung'ute mifuko ya nguo, kwani mashine yangu ya kufulia ilipiga kelele kama kayamba.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Kuna zizi la mbuzi ambamo watoto huwalisha kwa viganja vyao, na mbuzi, hata aliye mzima kabisa, anaweza kubeba vijidudu kama E. koli vinavyowadhuru sana watoto walio chini ya miaka mitano. Dawa yake ni maji ya bomba na sabuni, na vitakasa mikono huja baada ya hapo kama mtu hana namna nyingine. Jumamosi sabuni ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeishughulikia, ilhali hatua ishirini kutoka hapo palikuwa na kibanda cha donati za moto. Jumanne sabuni ilikuwapo. Tangu siku hiyo natembea na kipande changu mwenyewe.

Kwenye kibanda hicho hicho huuzwa maji ya tofaa yaliyokamuliwa, na hapo someni lebo kwanza, kwa maana yale yasiyochemshwa kuua vijidudu hubandikwa onyo, nami simpi mtoto. Matofaa yenyewe yalikuwa mazuri mno, hasa aina ya Honeycrisp, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991.

Safari ya tela linalovutwa na trekta kwenda kwenye maboga ni fupi, na mtoto huifurahia kuliko maboga yenyewe. Mama naye alikuwa na lake: aliyaona majani ya maboga yametapakaa ardhini ekari kwa ekari, akaanza kuinama kutafuta machipukizi ya mboga. Alikuta yote yamepakwa ukungu mweupe kama unga, kama yalivyo mengi mwishoni mwa msimu, na mengine yameunguzwa na jalidi. Alisikitika kikweli, akaniuliza kama huwa wanayaacha hivyo kila mwaka.

Kuhusu kuchagua, maboga makubwa ya rangi ya chungwa yamezalishwa kwa ajili ya kuchongwa sura za Halloween, sikukuu ya Oktoba 31, hivyo nyama yake ina maji na nyuzinyuzi. Mkitaka la kula, chukueni yale madogo yaliyotengwa kwa ajili ya mapishi.

Kwa familia yenye mtoto wa umri huu natoa alama 7 kwa 10 siku ya kawaida ya wiki, na 4 siku ya Jumamosi. Mfike mlango unapofunguliwa, mkaanze na boma la mahindi, mtoto avae nguo za kupandanisha kwa kuwa asubuhi huwa na baridi kali na saa sita jua hutoka, na njia za mahindi mziache mpaka awe mkubwa. Muepuke pia Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba, kwani shule nyingi za Minnesota hufungwa siku hizo na mtakuta foleni ya Jumamosi.

Tulinunua maboga mawili. Kubwa liliwekwa kibarazani, na kabla ya Halloween kindi walikuwa wamelitoboa na kumaliza mbegu zote. Dogo mama alilipika kwa tui la nazi na iliki, likatoka tamu, nami nikala bakuli mbili. Mwanangu, aliyelichagua, alionja kijiko kimoja, akauliza kama ugali upo.