Tahadhari: Anauza safari ya kuoga chemchemi ya moto msituni, msimlipe

Ndugu zangu, yupo mtu anayewatumia watu ujumbe wa simu akiwauzia safari ya kwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto iliyo ndani kabisa ya msitu. Pesa yangu ameshaila, hilo nimelimeza. Kinachonifanya niandike ni kwamba alikotupeleka mtu angeweza kufa, na bado anapeleka wengine.

Jina lake halitawasaidia kwa sababu analibadilisha kila mara. Mtamjua kwa picha. Ni bwawa la duara, maji ya bluu mpaka yanang'aa, ukingo wake umezungukwa na rangi ya njano na ya machungwa, nyuma kuna miti ya misonobari. Chini yake anaandika: "Maji ya uvuguvugu, hayajaguswa na mtu." Picha ile ilinimaliza. Siku hiyo hiyo nililipia kiongozi, kibali na kianzio cha malazi, kwa watu watatu: mimi, mdogo wangu na wifi yangu.

Kiongozi hakutokea. Tulimsubiri pale barabara inapoishia mpaka jua likapanda, simu inaita tu. Mwishowe ukaja ujumbe wenye alama ya ramani na maneno haya: "Fuateni njia, ni nyepesi. Mkifika mzame mpaka utosini mara saba. Harufu ikiisha puani, jueni mwili umeshasafika." Tukaingia msituni. Nusu saa baadaye mtandao ukakata.

Tulifika baada ya mwendo wa saa tatu. Chemchemi ipo, sisemi haipo. Lakini si ile ya kwenye picha. Ni shimo la maji lenye ukubwa wa chumba, mvuke umelifunika, na miti ya kandokando imekauka ikabaki mifupa mitupu. Ardhi kuzunguka maji ilikuwa nyeupe na ngumu, kama sakafu ya saruji iliyopasukapasuka. Mdogo wangu alitangulia kutafuta pa kushukia. Sikuipenda ile ardhi, nikamwita arudi, na huku namwita nikasogea hatua mbili. Ganda likavunjika. Mguu wangu wa kulia ukazama mpaka juu ya kifundo kwenye tope la moto.

Niliuchomoa papo hapo. Sidhani kama sekunde mbili zilipita, lakini soksi ilikuwa imenyonya yale maji na ikaendelea kuniunguza ndani ya kiatu. Wifi ndiye aliyefungua kamba, mikono inamtetemeka, na soksi ilipovuliwa ngozi ya juu ya mguu ilitoka nayo. Mungu mkubwa, tulikuwa tumevuka kijito cha maji baridi hatua chache nyuma. Wakanibeba, mguu ukakaa mle dakika 20 kwa kuangalia saa, haukupakwa kitu chochote. Daktari aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya siku ile.

Mama alikuwa amenilazimisha nibebe kipimajoto cha jikoni. Mdogo wangu alikifunga kwenye fimbo ndefu akakichovya: nyuzi 68. Maji ya nyuzi 60 tu yanaunguza ngozi ya mtu mzima mpaka ndani kwa sekunde kama 5. Beseni la kuoga maji moto linashauriwa lisizidi nyuzi 40. Huyu mtu alituambia uvuguvugu.

Lile ganda jeupe nimekuja kulielewa baadaye. Maji ya moto yanapanda na madini yaliyoyeyuka, hasa silika, na yakipoa pembeni madini yanaganda. Kwa macho ni mwamba, kumbe mahali pengine ni utando mwembamba na chini yake ni maji yanayotokota. Ardhi tupu isiyoota hata nyasi kando ya chemchemi si pa kukanyaga, hata kama kuna nyayo za watu waliopita kabla yako.

Sasa nirudi kwenye ule ujumbe wake, kwa sababu ndio unaoniumiza kuliko mguu. "Mzame mpaka utosini." Kwenye maji ya asili yenye joto anaweza kuwemo amiba anayeitwa Naegleria fowleri, anayestahimili joto mpaka nyuzi 46 hivi. Anaingia kwa njia ya pua na kupanda hadi kwenye ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana, lakini wanaoupata karibu wote hufa. Ndiyo maana wanaojua chemchemi husema kichwa kisiingie majini kabisa. Na "harufu ikiisha puani"? Ile harufu ya yai bovu ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kunusa. Kwa hiyo harufu kutoweka ghafla inaweza kuwa dalili kwamba gesi imeongezeka. Tena ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mabondeni. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye kibonde kupumzika, na wote watatu kichwa kilianza kutugonga. Tuliondoka bila kujua tumeponea nini.

Halafu wifi yangu alikuwa na ujauzito wa miezi mitatu. Nilimwambia huyu mtu mapema, nikamuuliza kama kuna shida. Akajibu: "Dada yangu, maji haya ni dawa ya kila kitu." Mjamzito kukaa kwenye maji ya moto sana kunapandisha joto la mwili, na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi kwa mtoto. Kiongozi wa kweli anauliza habari za ujauzito, moyo na presha kabla hajaongea habari ya pesa. Huyu nilimwambia mwenyewe, na bado akaniuzia.

Kibali nacho feki. Wakati wa kutoka tulikutana na askari wa msitu, nikamwonyesha ile karatasi yenye mhuri. Aliiangalia mara moja tu akasema ofisi yao haitoi kibali cha kuoga pale, kwa sababu pale haparuhusiwi kuogwa.

Nilipofika nyumbani niliipakia ile picha kwenye intaneti kutafuta ilikotoka. Ni Grand Prismatic, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Maji yake yana joto la kama nyuzi 70. Zile rangi za machungwa ni bakteria wanaoishi ukingoni ambako maji yamepoa kidogo; katikati ni bluu safi kwa sababu joto limewashinda hata hao. Katika hifadhi hiyo kuingia kwenye chemchemi za moto ni marufuku, na zaidi ya watu 20 wameshakufa kwa kuungua humo. Picha ya mahali ambapo mtu akiingia anakufa, ndiyo anayotuuzia kuogelea.

Mkitaka kwenda chemchemi yoyote ya porini, mpigieni simu wenyewe msimamizi wa msitu au hifadhi husika, kwa namba mliyoitafuta ninyi, si aliyowapa muuzaji. Muulizeni joto la maji ni nyuzi ngapi na lilipimwa lini, maana chemchemi hubadilika. Julai 2024, humo humo Yellowstone, eneo la Biscuit Basin lililipuka ghafla na kuharibu njia ya mbao wanayopita wageni. Muuzaji mwambieni apige picha mpya leo, kipimajoto kikiwa ndani ya maji. Mimi nilimwomba hivyo baada ya safari, akanifungia namba.

Wiki hii rafiki yangu amenitumia tangazo jipya. Jina ni jingine, bwawa ni lile lile, na kundi linaondoka Jumamosi. Limeandikwa kwamba watoto wanaruhusiwa. Kama umo kwenye kundi hilo, au unamjua aliyemo, niandikie leo nikutumie picha za mguu wangu.