Kitalu cha maua cha Himbi: beba agapanto, hortensia iache

Kitalu hiki hakina kibao. Kiko Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa Himbi, nyuma ya ukuta wa mawe meusi, na ukiuliza maua watu watakuelekeza. Kwa maua ya kudumu, yale yanayochanua mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya, nakipa nyota 3 kati ya 5. Miche ina nguvu na bei inazungumzika, ila majina ni vurugu tupu.

Hapa kila chenye majani marefu kama mkanda huitwa lisi: agapanto, hemerokali, amarili, hata gladiola. Usibishane. Omba mche utolewe mfukoni, utazame chini. Agapanto ina mizizi minene, myeupe, iliyosokotana. Hemerokali ina vivimbe virefu kama mihogo midogo. Amarili ni kitunguu hasa, na gladiola ni kitunguu bapa chenye maganda makavu. Mche ukichomoka peke yake na udongo ukabaki mfukoni, ujue umetiwa humo jana au leo asubuhi, urudishe. Mizizi ya kahawia inayonuka imekwisha kuoza.

Kinachostahili pesa yako ni fungu kubwa la agapanto. Ni ghali kuliko miche midogo, lakini chagua lenye vichipukizi vinane na una miche minne mkononi. Muuzaji ana kisu kirefu na atakukatia bure: kila kipande kibaki na vichipukizi viwili na mizizi yake, majani yapunguzwe nusu. Nafasi ni sentimita 40. Agapanto hupenda kubanana, kwa hiyo usiigawe tena kabla ya miaka minne. Anayeigawa kila mwaka huambulia majani. Hemerokali nayo haina matata: kila ua hukaa siku moja tu, lakini bua moja hubeba matumba mengi yanayopokezana. Jerbera inunue ukijua jambo moja: shingo yake, pale majani yanapokutana na mizizi, ikae juu kidogo ya udongo. Ikifukiwa, huoza.

Sasa udongo. Mitaa iliyofunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002 imebaki mwamba mtupu, ndiyo maana kitalu huuza udongo kwa gunia. Ule mweusi ni mzuri. Samadi ndiyo ya kuchunguza: ingiza mkono katikati ya gunia, na ukihisi joto, bado inachacha na itaunguza mizizi. Iache wiki sita. Kisha changanya ndoo 3 za udongo, ndoo 1 ya samadi iliyooza na ndoo 1 ya kokoto ndogo za lava.

Wengi hupasua mwamba kwa mtaimbo, shimo la sentimita 40 kwa 40, wakajaza na kupanda. Mvua za msimu mmoja zikipita, mche umezama na shingo imefukiwa. Udongo umeteremkia kwenye nyufa za lava. Ziba nyufa kwa vipande vya mawe, tandika gunia kuukuu chini, ndipo ujaze. Gunia hupitisha maji, udongo hukaa.

Hortensia za hapa ni za bluu inayosimamisha mpita njia, na muuzaji anaapa zitabaki hivyo. Bluu hiyo ni ya udongo mchachu wa mfukoni, ambao huuachia mmea alumini. Maji ya Ziwa Kivu ni ya alkali, pH karibu 9. Ukiyamwagilia kila mara, maua huelekea waridi, na majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa kuwa mizizi haipati tena chuma. Mwenye tangi la maji ya mvua ajaribu. Anayetegemea bidoni, yaani madumu, za maji ya ziwa apite. Gladiola nayo ni dhaifu mno kwa floridi, ambayo imo katika moshi wa Nyiragongo: ncha za majani huungua. Utaambiwa ni kiu. Ukiongeza maji, unaozesha na kitunguu.

Juni hadi Agosti, mche mpya hutaka lita 5 mara mbili kwa wiki, yaani bidoni moja ya lita 20 kwa miche minne, asubuhi. Tandaza nyasi kavu, mbali na shingo. Konokono hulala ndani ya majani ya agapanto. Watafute usiku kwa tochi.

Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zipo mlangoni. Miche imwagiliwe jioni ya kuamkia safari na isafiri ikiwa wima. Kitalu hakibadilishi mche uliokufa, hata wa jana, kwa hiyo mizizi yote itazamwe kabla chukudu haijapakiwa.