Klabu ya bao kati ya grupu la WhatsApp na jukwaa letu wenyewe: uzoefu wangu

Mimi ni katibu wa klabu ya bao. Tuko kama sitini: wengi Dar es Salaam, wachache Unguja, na wawili walikwenda Muscat kutafuta maisha lakini kete hawakuziacha. Kila nikikutana na makatibu wenzangu wa drafti, wa baiskeli, hata wa wafuga njiwa, swali ni lile lile: kwa nini mnajitesa na jukwaa, tovuti yenu wenyewe ya mijadala, wakati WhatsApp ipo na kila mtu anayo? Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitatuma linki.

Kilichonisukuma ni ugomvi wa usiku mmoja wa Ramadhani. Watu wameshafuturu, tarawehe imekwisha, grupu limechangamka. Kijana mmoja wa Temeke akatuma picha ya bao. Mwenzake ametakata, yaani kacheza zamu bila kula kete, kijana mwenyewe hana cha kula, na shimo lake pekee linaloweza kuliwa zamu inayofuata ni nyumba, lile shimo kuu la mchezaji. Mwenzake anamwambia: "Nyumba nimeitakasia, usiiguse." Kijana anauliza, ni kweli?

Kwa wasiocheza niseme kidogo. Mwenzako akitakata, wewe ukawa huna cha kula, na yeye ana shimo lako moja tu analolivizia, shimo hilo limetakasiwa. Huruhusiwi kulitorosha. Inabidi ucheze kwingine na kulisubiri liliwe. Lakini nyumba haitakasiwi, wala shimo ambalo ndilo pekee lililobaki na kete kwenye safu yako ya mbele. Basi jibu lipo, na ni la sentensi moja.

Usiku ule ilichukua meseji zaidi ya mia. Voisi zikamiminika. Mzee wetu mmoja, fundi wa bao ambaye sote tunampa shikamoo kabla ya kukaa, aliazima simu ya mjukuu wake akarekodi dakika nne. Dakika ya kwanza salamu, ya pili pole kwa aliyefiwa, ya tatu kisa cha mchezo aliocheza ujanani na mvuvi wa Bagamoyo. Jibu liko mwisho kabisa, na kufikia hapo wengi walikuwa wameshaacha kusikiliza. Katikati yake mtu akafowadi dua, mwingine tangazo la kiwanja Kigamboni, mwingine mchango wa hospitali. Mimi nilikuwa najua kwamba jambo hili tulishalimaliza mwaka uliotangulia: mafundi watatu walikaa barazani, wakakubaliana, na mimi nikaandika walichokubaliana na kukituma kwenye grupu hilo hilo. Nikatafuta. Ukiandika "takasia" yanakuja mengine, ukiandika "takasa" yanakuja mengine, na vijana wanaandika "tks". Meseji yangu sikuipata, kwa sababu katikati ya mwaka nilibadilisha simu na mazungumzo niliyorudisha hayakuwa yote. Asubuhi wawili walikuwa hawasalimiani na mmoja alikuwa kalefti.

Nisieleweke vibaya. WhatsApp ndiyo iliyoifanya klabu hii iwepo. Ukubwa wa grupu si tatizo, maana tangu 2022 moja linabeba hadi watu 1,024 na sisi hata sabini hatufiki. Kuitana Jumamosi, kuuliza nani ana ubao wa ziada, kumtumia mgonjwa pole, kurusha picha ya bao lililokwama ili watu watanie: hapo hakuna kinachoifikia. Ni baraza, tena baraza ambalo hata aliyeko Muscat anakaa. Ila barazani hakuna anayeandika. Maneno yanapita, na kesho yanaanza upya.

Facebook tuliipitia kwa haraka. Tulifungua grupu, picha zikapendwa na watu tusiowajua, wageni wakaanza kuuliza bei ya ubao wa mninga, na mabishano ya kanuni yakawa ya watu wasiowahi kushika kete. Kwa kutangaza mashindano inafaa, na bado tunaitumia kwa hilo. Kwenye mtandao mwingine tulikuwa na ukurasa wa picha, aliyeufungua akasahau paswedi, namba ya simu aliyojisajilia ameshaitupa, na picha za miaka miwili bado ziko kule zinaning'inia bila mwenyewe.

Basi nikajenga jukwaa. Nilitumia phpBB, programu huria iliyoanza mwaka 2000, ya bure, inayokaa hata kwenye hosti (kompyuta ya kukodi inayoweka tovuti hewani) ya bei ya chini. Sikuwa fundi wa kompyuta. Mpwa wangu alinikalia Jumapili moja, na kufikia magharibi jukwaa lilikuwa hewani: chumba cha kanuni, chumba cha michezo iliyorekodiwa, chumba cha mashindano, na kimoja nilichokiita Porojo. Cha kulipia ni domeini, yaani jina la tovuti, na hosti tu, tunachangishana kwa M-Pesa mara moja kwa mwaka, na ukigawa kwa vichwa haifiki bei ya sahani ya wali.

Ila kuna jambo la Tanzania ambalo mwongozo wa kigeni hautakwambia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaja majukwaa pamoja na blogu katika vitu vinavyohitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na Juni mwaka ule JamiiForums yenyewe, yenye historia tangu 2006, ilizima mitambo kwa muda. Kanuni zimeguswa tena baadaye. Kabla hujanunua domeini nenda TCRA uulize hali ya klabu yako ikoje, usiniulize mimi wala mpwa wangu. Grupu la simu halikupi kazi hiyo, na kwa klabu ndogo hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Wiki ya kwanza nilifurahi bure. Niliamka nikakuta wanachama wapya wengi ajabu, majina ya ajabu zaidi, na kila mmoja kaja na dawa ya kuuza. Maroboti. phpBB ina sehemu ya kuweka swali kwa anayejisajili, nikaweka: "Bao moja lina kete ngapi?" Maroboti yakakoma siku hiyo hiyo. Tatizo likawa kwa binadamu. Mmoja akajibu 32 akakataliwa, akanipigia kwa hasira kwamba yeye anahesabu za kwake, za mwenzake zinamhusu nini? Mwingine akaandika "sitini na nne" kwa maneno. Ikabidi niongeze majibu yanayokubalika, na lile la 32 nikalikubali kwa heshima ya mwenyewe.

Kisha ikaja barua pepe. Jukwaa linataka barua pepe ili kukuthibitisha. Wazee wetu wanayo, kwa maana kwamba kijana wa dukani aliwafungulia siku waliponunua simu, na paswedi aliijua yeye. Nilizunguka na laptopu Jumamosi mbili nikiwasajili mmoja mmoja na kuwathibitisha mwenyewe. Wenye vitochi, simu ndogo zisizofungua jukwaa, nikaachana nao. Na bado kuna bando. Aliyenunua bando la mitandao ya kijamii peke yake akibonyeza linki ya jukwaa haifunguki, hata kama ukurasa wenyewe ni maandishi matupu yasiyokula kitu. Huyu utamwambia nini? Anunue bando jingine aje kusoma kanuni za bao?

Jukwaa likafa kifo cha mende. Miezi miwili nilikuwa naandika peke yangu na kujijibu. Nilitangaza kwenye grupu kwamba kuanzia sasa mijadala yote ya kanuni iende jukwaani. Watu wakaitikia "sawa katibu", wakaweka kidole gumba, wakaendelea kubishana palepale. Nikakasirika, nikafunga grupu kwa siku tatu ili wanachama wasiweze kuandika. Siku ya nne nikasikia kuna grupu jingine limeshafunguliwa, na mimi simo. Aibu ile naikumbuka mpaka leo.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mbinu ya kompyuta. Niliacha kuhamisha watu, nikawa nahamisha maneno. Watu wabishane wanakopenda. Wakifika mwisho, mimi nachukua kilichoamuliwa, nakiandika jukwaani kwa sentensi chache na picha ya bao, kisha narudisha linki kwenye grupu. Uzi mmoja kwa jambo moja, na kichwa chake ni swali kama lilivyoulizwa: "Je, nyumba inatakasiwa?" Mada za namna hiyo nimezibandika juu ili zisishuke. Swali likizuka tena sijibu, natuma linki tu. Mwanzoni walinicheka kwamba nimekuwa hakimu. Siku hizi wao ndio wanaotangulia kuitupia.

La pili ni michezo iliyorekodiwa, na hapa ndipo jukwaa lilipoipita simu kwa mbali. Kurekodi bao si mchezo. Kila mchezaji anaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi. Zamu za namua pekee, za kuingiza kete za mkononi moja moja, zinaweza kufika 44 kabla hata hujaingia mtaji, hatua ya kucheza zilizo mashimoni tu, kama hakuna aliyefungwa mkononi, yaani kabla kete zake za mkononi hazijaisha. Tumeyapa mashimo herufi na namba, na mchezo mmoja ukiandikwa unajaza ukurasa. Ukiutuma kwenye grupu, kufikia adhuhuri umeshazikwa chini ya stika. Jukwaani unakaa, na mtu anaweza kunukuu zamu ya 17 peke yake akauliza kwa nini hukula upande wa kichwa cha kushoto, shimo la mwisho la safu ya mbele. Mwenzetu mmoja wa Muscat, ambaye akiamka hukuta meseji mia mbili na kuzifuta zote bila kusoma, ndiye aliyegeuka kuwa mchambuzi wetu mkubwa. Kwenye grupu hatukuwahi kumsikia. Jukwaani alimjibu binti wa Kinondoni swali lililokuwa limekaa miezi saba, aya sita na picha nne, na akamwonyesha kwamba kosa halikuwa pale alipodhani bali zamu tatu nyuma.

Nilijaribu pia kuokoa ya zamani. WhatsApp inakuruhusu kutoa mazungumzo kama faili, nikatoa yaliyobaki ya miaka mitatu nikayasoma kwa wiki nzima. Habari za asubuhi, Ijumaa karimu, poleni, mistari inayosema tu kwamba hapa palikuwa na picha, na picha yenyewe haipo. Kati ya yote nilipata maamuzi kumi na moja ya kanuni yaliyostahili kuandikwa. Voisi za wazee zilikuwa nyingi, na za yule fundi niliziandika zote neno kwa neno, pamoja na mvuvi wa Bagamoyo. Zina chumba chao.

Kero zilizobaki kwangu ni za ukatibu. Nisipoandika mimi, hakuna anayeandika. Nilipougua malaria mwezi mmoja, jukwaa lilisimama pale pale nilipoliacha. Programu inataka kusasishwa, nakala ya akiba inataka kushushwa kila mwezi kwenye flashi, na kampuni tuliyokodi kwanza ilipandisha bei bila kutuaga, tukahama usiku mpwa wangu akiwa ananung'unika. Grupu la simu halinidai hata kimoja cha hivi.

Kwa hiyo nikiulizwa nyota: grupu nalipatia nne, moja nimekata kwa ule usiku wa Ramadhani. Jukwaa nalipatia tatu kwa usumbufu wake, na tano kwa chumba cha michezo. Klabu yako ikiwa ni ya kukutana na kufurahi, wanaoendesha baiskeli hadi Kunduchi na kurudi, baki na simu yako. Kama mna kanuni mnazobishania kila mwezi, au kumbukumbu mnazotaka zidumu kuliko simu ya katibu, fungua jukwaa, ila tafuta kwanza mtu wa pili wa kuandika. Mimi bado namtafuta.

Jumamosi iliyopita tulikuwa barazani Kariakoo, wawili wakaanza tena mambo ya nyumba. Yule fundi, mwenye kitochi, asiyewahi kuliona jukwaa kwa macho yake, akasema bila kuinua uso: "Katibu, hebu wasomee ule uzi." Nikafungua simu, nikasoma uamuzi kwa sauti, wa mafundi watatu, yeye mwenyewe akiwemo. Akasikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa. "Mmeacha neno. Nilisema nyumba ambayo bado haijachezwa. Ikishachezwa ni shimo kama mashimo mengine, inatakasiwa." Wenzake wawili wakakubali kwamba ndivyo alivyosema. Nikarekebisha pale pale, nikaweka na tarehe.