TAHADHARI: Mazda Roadster nyekundu inayozungushwa Mbeya mpaka Iringa. Gari ipo kweli, kadi ndo si yake

Kamwene, ugonile, habari zenu wadau wote wa Nyanda za Juu. Itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, maana najua humu kuna watu washatumiwa picha za hii gari na bado wanajifikiria. Ni ile Mazda Roadster nyekundu, milango miwili siti mbili, paa gumu linalojikunja lenyewe, tangazo linasema "ya 2012, cc 2000, oto, km 48 elfu, kodi imelipwa yote, kadi ipo mkononi, mil 13 na nusu maongezi yapo". Kama jamaa kakutumia, usitume hata mia.

Najua mtu wa kwanza kukomenti atasema si wangeenda kuiona gari kwanza. Wakuu, gari IPO. Unaenda, unaishika, unakaa ndani, unapiga selfi, unaiwasha inanguruma safi kabisa. Huyu sio wale wa picha za kuokota mtandaoni halafu gari yenyewe iko Nagoya. Huyu gari anayo, ila makaratasi anayokupa ni ya gari nyingine, na hiyo Roadster kazi yake ni kukulainisha tu utoe hela.

Ilivyokuwa ni hivi. Mdogo wangu yuko Mafinga, anafanya biashara ya mbao, mwaka huu mambo yamemnyookea akasema kaka nimechoka na Canter nataka kigari cha kujipongeza. Nikamwambia chukua hata Harrier, hiko kigari kiko chini, matuta ya huku kwetu kitakuwa kinalamba kila siku, wapi. Kashaamua. Na sio kwamba ni gari mbaya, Roadster ni gari tamu, injini mbele, inasukuma nyuma, nyepesi, ukiipandisha Kitonga asubuhi hakuna lori mbele yako utaelewa kwa nini watu wanaichanganyikia. Kwa hiyo siwezi kumcheka.

Alipokuja kuniambia alikuwa kashatuma laki tano. Dalali alimwambia kuna mteja anatoka Songea kesho yake na hela taslimu, so atoe kishika uchumba gari itolewe sokoni. Jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke, alipouliza akajibiwa "hiyo laini ya wife bro, ya kwangu imejaa limiti". Haya.

Mi nafanya umeme wa magari, ndo maana akanivuta twende wote. Tukaelekezwa upande wa Mbalizi, sio yadi, ni nyumba ya uzio, na aliyetufungulia sio yule wa kwenye simu, ni kijana tu anasema tajiri yuko Dar anaongea nae kwa simu kila kitu. Gari imepakiwa chini ya mti imepigwa polishi mpaka unajiona, dogo macho yakamtoka.

Nikaanza na paa maana ndo umeme wangu. Hii yenye paa gumu ilianza kuuzwa 2006 na sifa yake kubwa ni kwamba inafungua kwa sekunde 12 tu. Gari isimame, gia kwenye P, swichi on, unafungua loki ya katikati hapo juu ya kioo, unabonyeza. Nikabonyeza, kimya. Kijana akasema betri bosi, imekaa sana. Sawa, nikavuta Noah yangu nikapiga jampa, gari ikawaka vizuri, nikabonyeza tena nasikia rilei inagonga tik, tik, paa halitikisiki. Ndo nikapitisha kucha kwenye ule mkunjo paa linapokutana na buti. Kucha ikazama. Ni silikoni, ile nyeupe ya madirisha, imepakwa rangi nyeusi juu. Yaani paa lenyewe wameliziba, halifunguki leo wala kesho, na hata hivyo maji yalikuwa yanaingia maana kapeti upande wa abiria lilikuwa limelowa na kunuka ukungu, na mvua zetu mnazijua.

Hapo bado ningesema ni ubovu tu tushushe bei. Dogo mwenyewe akaanza kunong'ona kaka mota si utatengeneza.

Nikaenda mbele. Roadster hii ya kizazi cha tatu, wanaiita NC, uso wake ulibadilishwa mwishoni mwa 2008. Za kabla ya hapo mdomo wa chini ni wa yai yai umelala, taa zimetulia, za baada ya hapo mdomo una pembe pembe na taa zimechongoka. Hii iliyoandikwa 2012 ilikuwa na ule wa yai. Inawezekana iligonga wakafunga bampa la zamani, sikatai, kwa hiyo nikavuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, kule chini kuna kilebo kimeshonewa, kinasoma 2006. Wa dereva 2006, wa abiria 2006. Na usukani ngozi imesagika mpaka inang'aa, km 48 elfu gani hizo.

Halafu kijana akatoa sumaku mfukoni kutuonyesha bodi haina puti, ile ya kuzibia mabonde gari ikigongwa. Mlangoni ikanasa, kwenye boneti ikadondoka, akapaniki akaanza kusema labda iligongwa kidogo bosi lakini sio sana. Mi nikacheka. Boneti la Roadster ni aluminiamu kutoka kiwandani, sumaku hainasi hata ikiwa mpya. Mtu aliyekaa na hii gari hata miezi miwili angelijua hilo, kwa hiyo hapo nikajua huyu kapewa funguo tu asubuhi.

Sasa kadi, hapa ndo nataka msome taratibu. Wakatuletea kopi, sio kadi yenyewe, eti orijino iko kwa tajiri. Namba ya gari kwenye kopi ni ile ile iliyofungwa kwenye gari. Make: Mazda. Rangi: nyekundu. Watu wengi wanaishia hapo wanarudisha karatasi. Mstari wa modeli ulikuwa umegongewa muhuri wa wakili, yaani muhuri umekaa pale pale huwezi kusoma kitu, lakini chini yake ukubwa wa injini unasomeka vizuri, cc 1340, na namba ya chasisi inaanza na DE3FS. Wakuu DE3FS ni Demio. Hivi vidogo vya milango mitano tunavyopishana navyo Mwanjelwa kila siku. Roadster hii ina injini ya cc 1998 na chasisi yake inaanza na NCEC. Na hili mlijue hata kwa Roadster nyingine, imekuwepo tangu 1989 na zaidi ya milioni moja zimeshatengenezwa, sio gari la siri: zinazotoka Japani chasisi inaanza NA, NB, NC au ND kulingana na kizazi. Ukiona herufi zingine kwenye kadi, hiyo kadi ni ya gari nyingine, usisubiri maelezo.

Nikafungua boneti nikasoma kibati cha Mazda, NCEC kweli. Kwa hiyo namba za plate na kadi ni za Demio nyekundu iliyopo mahali fulani, labda ilishagongwa ikafa, na hii Roadster imevalishwa.

Je Roadster yenyewe ni ya nani? Tukaipata kwenye buti. Hizi hazina tairi ya spea, zinakuja na kikopo cha kuziba pancha na pampu, viko chini ya kapeti. Nikainua kuangalia kama vipo, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, imelowa, lakini inasomeka. Ni ya safari ya transit, Dar kwenda Nakonde, Zambia, kupitia Tunduma, na chasisi ni ile ile ya kwenye kibati. Na kwenye bampa la nyuma bado kuna alama za gundi pale inapobandikwaga namba ya IT, ile ya magari ya transit.

Sisi wa huku hizi IT tunazijua, tumezipanda sana kuchumpia lifti kutoka Igawa mpaka Tunduma. Gari ya IT haijalipiwa kodi hapa, inapita tu nchini chini ya dhamana ya wakala wa forodha na inatakiwa ionekane imetoka mpakani. Isipotoka inatafutwa, na inatafutwa kwa chasisi, hawajali umeifunga plate gani wala umeinunua kwa nani na uliandikishana kwa wakili gani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamshika na aliyekutwa nayo mkononi, gari inataifishwa na kesi inabaki na wewe. Sasa piga picha uko na kigari chekundu cha siti mbili barabara ya Tanzam, trafiki gani atakuacha bila kukusimamisha? IST ingejificha, Roadster inaita yenyewe.

Ndo maana nikarudi kwenye bei. Hesabu ya kodi ya gari ya cc 1998 yenye zaidi ya miaka 10 (na hata ukubali uongo wao wa 2012 bado imevuka 10) iko hivi: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5%, uchakavu 30%, VAT 18% juu ya hayo yote, bado tozo ndogo ndogo. Ukipiga kwa kupandishana, gari ambayo TRA wameithaminisha mil 10 ikiwa bandarini, kodi yake nayo inakaribia mil 10 nyingine. Na wanathaminisha kwa mfumo wao, sio kwa risiti uliyokuja nayo. Bado hujamlipa wakala, hujaisajili, hujaweka mafuta kuja nayo Mbeya. Halafu mtu anakupa kwa 13 na nusu maongezi yapo. Kodi yake kalipa nani?

Nilivyompigia yule tajiri nikamtajia DE3FS tu, akasema "bosi hayo mambo ya mfumo tutarekebisha baadaye", nikamtajia Nakonde akakata. Dakika kumi baadae dogo kablokiwa, mimi nimeblokiwa, kijana kasema anaenda kununua vocha na hakurudi. Tukaondoka, maana kukaa uani kwa watu na gari ya magendo nayo ni kesi.

Laki tano haijarudi. Na kuna jamaa wa Vwawa tumekutana nae polisi tulipoenda kufungua RB, ye kalipa milioni nne za mwanzo kwa gari hiyo hiyo, kaandikishana kabisa mkataba, akaambiwa gari atapelekewa ikishatoka kupakwa rangi. Kwa hiyo inauzwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, hakuna anayeondoka nayo. Kwa maoni yangu hata lengo lao sio kuiuza, wakiiuza watakula nini mwezi ujao.

Namba zao zote tumezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, ni meseji ya bure, na nyie mkitumiwa namba yoyote kwa hii gari fanyeni hivyo hivyo maana laini wanabadilisha kila wiki. Kama ulishatoa hela njoo inbox nikupe namba ya RB tuunganishe malalamiko, mmoja mmoja hatusikilizwi sana.

Na ambao bado mnaipenda gari ya namna hii na mmeshaenda kuiona mahali, kabla hamjagusa simu ya kulipia chukueni kadi orijino, sio kopi, simameni na muuzaji mbele ya boneti msome chasisi herufi kwa herufi, halafu nendeni wote TRA mkahakiki. Muuzaji mwenye gari yake halali hilo halimsumbui, atalalamika foleni tu. Anayesema twende jumatatu, anayesema orijino iko Dar, anayesema lipa nusu kwanza ndo nitoe kadi, mwacheni na gari yake.

Kuanzia juzi tangazo limerudi. Sasa hivi wanasema ipo Iringa, Ipogolo, imekuwa "ya 2013" na bei imepanda mil 15, picha wamezipiga usiku ili mdomo wa mbele usionekane vizuri. Mtaijua kwa mkwaruzo mrefu kwenye rimu ya mbele kushoto, na mkipata nafasi pitisheni kucha pale kwenye paa.

Dogo bado anaitaka Roadster, kichwa kigumu. Kama kuna mtu humu anayo, iwe Mbeya, Njombe, Songea popote, kadi inasoma NCEC au hata NB ya zamani, paa likiwa la turubai ndo vizuri zaidi kwangu halina mota, aje inbox na picha ya kadi na ya kibati. Tunakuja na hela, ila tunakutania TRA.