Bolti zilizoganda chini ya Prado: kopo la mafuta, soketi na mtu wa moto, uzoefu wangu Lubumbashi

Kama una hela ya kitu kimoja tu kabla ya kugusa bolti zenye kutu chini ya gari, usinunue kopo la mafuta ya kulegeza kutu. Nunua soketi moja nzuri ya pembe sita, na kinachobaki kitunze umlipe mtu mwenye moto, yaani mchomeleaji. Huo ndio msimamo wangu baada ya kuinua Toyota Prado ya mwaka 1999 uani kwangu, komuni ya Kampemba, kwa springi na amortisa (shokabzoba) mpya za kuongeza kama sentimita 5.

Gari ni la Japani, na aliyewahi kununua gari la huko kwa kutazama picha za rangi tu ananielewa. Kaskazini mwa nchi ile, Hokkaido hasa, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linashuka Dar es Salaam limeshaoshwa, linapita Tunduma, linaingia Kasumbalesa liking'aa kama la bwana harusi, kumbe chini chumvi imeshafanya kazi yake miaka mingi. Halafu sisi tunaliongezea vumbi jekundu la kiangazi na matope ya kuanzia Novemba.

Springi na amortisa zenyewe sina mengi ya kusema. Nati za juu zilifunguka kwa mkono, bolti ya chini ya amortisa ilinung'unika kidogo ikatoka. Kazi ilikuwa kwenye bolti za mkono wa chini wa mbele, chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi, zile zenye kisahani kisicholingana pande zote, ambazo ukizizungusha gurudumu linasogea ndani au nje. Ukiinua gari, magurudumu yanabadilisha mlalo, kwa hiyo lazima zizunguke ili yanyooshwe upya. Ukiziacha zimeganda, matairi mapya yanaliwa upande mmoja, na hela uliyookoa kwa kujifanyia kazi nyumbani inaenda kwa muuza matairi.

Sasa hilo kopo. Nilinunua la kupuliza, maandishi makubwa, picha ya nati inayotoa moshi. Bei yake karibu ya chakula cha familia. Sitalitaja jina, maana sidhani ni baya kuliko mengine ya aina yake. Nilisugua kwanza kwa brashi ya waya, nikapuliza jioni, nikapuliza tena asubuhi, nikagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ili mafuta yapate njia. Kwenye nati zilizo wazi, ambako kutu iko juu juu na nyuzi zinaonekana, lilisaidia kweli, na nati zilitoka bila kelele. Kwenye bolti iliyofichwa ndani ya bushi, yaani kibomba cha chuma kilichozungukwa na raba, halikufika popote. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo pale ndani hakuna upenyo. Pamejaa na pamebana. Mafuta yanapita wapi?

Wengi wetu tunaita kila kopo la kupuliza WD-40. Ile yenyewe ilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukinga ngozi ya makombora ya Atlas. Kampuni hiyohiyo leo inauza kopo jingine, la pekee, kwa kupenya kutu. Ukienda dukani soma kopo, usiangalie rangi yake. Upo pia mchanganyiko wa nyumbani: asetoni nusu, mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki nusu. Ni rahisi na unapenya vizuri, ila hivyo viwili havikai pamoja, vinaachana ukiweka chini, kwa hiyo tikisa kila unapotumia. Na asetoni inadaka moto upesi sana. Ukishaipaka, tochi ya gesi isikaribie.

Soketi ndiyo niliyoipenda. Seti nyingi zinazouzwa kwetu ni za pembe kumi na mbili, kwa sababu ni rahisi kuziingiza. Tatizo lake, zinashika nati kwenye kona, na kona yenye kutu ni laini. Ukivuta kwa nguvu inaliwa na nati inabaki mviringo. Ya pembe sita inashika ubavu. Nilichukua nyeusi, nene, ya kutumiwa na mashine ya kugonga, ile inayofungua nati kwa mapigo, nikaifunga kwenye mpini mrefu. Mashine yenyewe ya umeme sikuihangaikia, maana umeme wa kwetu unaondoka ukiwa chini ya gari. Mpini mrefu hauombi umeme, halafu mkono unasikia. Kabla ya kufungua, kaza kidogo, nywele tu, kisha rudi. Kutu ikivunjika unasikia mlio mkavu, bolti inaanza kutembea. Ukisikia inalegea polepole kama unavuta raba, bila mlio, simama: inajinyonga na itakatika.

Ulaini huo wa raba nilikutana nao kwa namna nyingine. Nati ya bolti ile ilitoka, nikashangilia. Nikashika kichwa upande wa pili, nikageuza, ikageuka. Nikaachia, ikarudi ilikokuwa. Hapo ujue bolti imeshikana na kibomba cha chuma kilicho katikati ya bushi, na unachokigeuza ni raba nzima. Unaweza kuvuta hadi jioni. Raba itanyooka na kurudi. Dalili hii ikionekana, weka kopo kabatini.

Nikaita mchomeleaji anayetembea na mitungi yake, oksijeni na asetilini, kijana wa Ruashi. Aliinama, akagusa, akacheka.

"Yaya, ile bulo haiogope mafuta. Inaogopa moto."

"Na kauchu, mdogo wangu?"

"Kauchu inapatikana. Ile bulo njo kazi."

Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, bulo ni bolti, kauchu ni raba, na njo ni ndiyo.

Tochi ndogo za gesi za kushika mkononi zinatosha kwa nati ndogo, lakini mkono wa chini ni chuma kinene kinachonyonya joto haraka kuliko tochi inavyolitoa. Moto wa asetilini na oksijeni unapita nyuzi joto 3,000, na unachoma mahali padogo kabla joto halijasambaa. Hesabu yake si ya uchawi. Chukua nati yenye tundu la milimita 14, ipandishe nyuzi joto 400, tundu linapanuka karibu sehemu 7 za mia za milimita. Ni kidogo, lakini kutu ni kavu, haivutiki, inapasuka. Ndiyo maana unachoma nati au kile kilichoizunguka bolti, si bolti yenyewe, na unageuza huku na huku bila kulazimisha upande mmoja.

Upande wa kulia ulikubali. Wa kushoto ulikataa hata ukiwa mwekundu, na raba ikaanza kuwaka na kutoa moshi mzito mweusi. Tulikuwa na ndoo ya maji na mchanga karibu, tukauzima. Tukakata kwa grinda pande zote mbili, kati ya bushi na mabano ya chasisi, mkono ukashuka na kipande cha bolti ndani yake. Bushi mpya na bolti mpya nilizipata Kenya, namaanisha komuni yetu, si nchi.

Mtu wa moto nampa sifa zote, ila msimamie. Asichome karibu na amortisa, kwa sababu ndani mna mafuta, na nyingi zina gesi yenye shinikizo. Bomba la breki na bomba la mafuta vifungue au uvikinge kwa bati. Na usimruhusu kusafishia kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuwasha: klorini ile kwenye joto kali inatoa fosijeni, gesi iliyoua watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Bolti iliyopata kuwa nyekundu usiirudishe garini hata kama nyuzi zake ni nzima. Bolti yenye alama ya 8.8 kichwani imepata nguvu zake, megapaskali 800 za kuvutwa, kwa kupikwa na kupozwa kwa mpangilio. Ukiipika upya kwa tochi, alama inabaki, nguvu zinaondoka.

Wakati wa kufunga nilipaka grisi ya shaba. Mji huu umekula shaba tangu mwaka 1911, lakini tyubu ya grisi ya shaba tunaagiza ng'ambo na kulipa kwa dola, basi, tuendelee. Ipake kwenye mwili wa bolti unaopita ndani ya kibomba, si kwenye nyuzi. Ukipaka nyuzi, msuguano unapungua na kipimo cha kukaza cha kiwanda kinakuwa kikubwa mno. Bolti za bushi zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa limening'inia, raba inabaki imenyongwa kila siku na inachanika mapema.

Kwa gharama, moto na kukata vilikula kidogo zaidi ya makopo mawili ya mafuta. Soketi na mpini vilizidi hapo, lakini vimebaki kwangu. Anayenyoosha magurudumu alizungusha bolti zote nne za mbele kwa spana ya kawaida, akaniuliza kama gari ni jipya.