Springi za gari: za koili au za mifuko ya hewa?

Kwanza tuondoe dhana moja: anayezuia gari lisiendelee kudundadunda baada ya shimo ni shokomzoba, si springi. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Kazi hiyo ipo kwenye mifumo yote miwili. Tofauti iko kwa anayebeba uzito.

Koili ni chuma kilichosokotwa, basi. Ukipakia mizigo nyuma, gari linakaa chini na taa zinamulika juu.

Mfuko wa hewa ni wa mpira. Sensa hupima kimo cha bodi, kompresa (pampu ya hewa) na vali huongeza au kupunguza hewa, na gari hubaki sawa hata likiwa limejaa. Tena hewa hukaza kadiri inavyobanwa, hivyo mwendo ni laini bila kugonga mwisho kirahisi. Lakini mpira hupasuka kwa uzee, na uvujaji mdogo huifanyisha kompresa kazi mpaka iungue. Cadillac, watengenezaji magari wa Marekani, waliweka mfumo huu kwenye gari lao la Eldorado Brougham mwaka 1957. Wamiliki wengi waliishia kurudi kwenye koili.

Kwa anayevuta tela kila wiki, hewa. Wengine wote, ningewapa koili.